London hadi Athens: namna ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya miji miwili ya Ulaya

Ukiuliza London na Athens ziko umbali gani, unaweza kupewa majibu matatu tofauti na yote yakawa sahihi. Kilomita 2,390 ni kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jingine, kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia. Kilomita 2,430 ni kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi uwanja wa ndege wa Athens. Kwa gari, ukivuka bahari pale Calais kisha ukashuka kupitia Ujerumani, Austria na nchi za Balkani, safari inazidi kilomita 3,000. Muda nao ni hivyo hivyo: kuna muda wa ndege kuwa angani, kuna muda ulioandikwa kwenye tiketi, na kuna muda wa kutoka mlango wa nyumba yako hadi mlango wa hoteli.

Kila namba kati ya hizo ina kazi yake, na shida nyingi za wasafiri hutokana na kuchukua namba ya kazi moja wakaitumia kwenye nyingine. Anayepanga siku yake kwa muda wa angani atakosa treni ya mwisho. Anayedai fidia kwa kilomita za barabara atarudishiwa barua yake. Nitachukua London na Athens kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu safari hii ina mambo yote ya kujifunza: ni ndefu kiasi cha upepo kuonekana kwenye ratiba, inabadilisha saa, inaingia kutoka nje eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka baina yao), na umbali wake unagusa haki zako za fidia. Ukishaielewa hii, Lisbon na Warsaw au Oslo na Roma hazitakushinda.

Hatua ya 1: Anza na uwanja, si jiji

Ndege haitui mjini. London ina viwanja kadhaa vinavyobeba jina lake: Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN), City (LCY) na Southend (SEN). Ukiandika LON kwenye mtambo wa kutafuta tiketi, unapewa vyote kwa pamoja, na hapo ndipo mtu hununua tiketi ya bei nafuu bila kutazama inaondokea wapi.

Kwa hesabu ya angani tofauti ni ndogo. Stansted hadi Athens ni kama kilomita 2,410, yaani pungufu ya Heathrow kwa kilomita 20 hivi, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika moja na nusu. Ardhini hali ni nyingine kabisa. Treni ya haraka kutoka kituo cha Liverpool Street hadi Stansted huchukua karibu dakika 50, na kama unakaa magharibi ya London, kufika tu Liverpool Street ni safari. Kwa hiyo chukua herufi tatu za uwanja halisi utakaoondokea na za ule utakaotua, uziandike, kisha fanya hesabu zote kwa viwanja hivyo.

Athens kwa bahati ina uwanja mmoja mkuu, ATH, uliofunguliwa Machi 2001 katika eneo la Spata, mashariki ya jiji.

Hatua ya 2: Pata umbali, hata kwa kalamu na karatasi

Vikokotoo vya umbali viko vingi kwenye intaneti na vingi viko sawa. Hata hivyo nakusihi ujue kuifanya hesabu hii mwenyewe angalau mara moja, kwa sababu utaelewa namba inatoka wapi na utaitambua mara moja ikiwa imekosewa.

Kila mahali duniani pana namba mbili: latitudo, yaani uko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta, na longitudo, yaani uko nyuzi ngapi mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Kwa safari yetu:

Heathrow: 51.48 kaskazini, 0.46 magharibi.
Athens: 37.94 kaskazini, 23.94 mashariki.

Tofauti ya latitudo ni 51.48 kutoa 37.94, sawa na nyuzi 13.54. Kwenye longitudo kuwa mwangalifu: Heathrow iko magharibi ya Greenwich na Athens iko mashariki, kwa hiyo namba zinajumlishwa, hazitolewi. 23.94 kuongeza 0.46 ni nyuzi 24.40. Kosa hili la kutoa badala ya kujumlisha ni rahisi kulifanya kwa safari za kutoka Uingereza, Ureno na sehemu kubwa ya Hispania kuelekea mashariki, maana mstari wenyewe unapita Greenwich, ndani ya London.

Sasa geuza nyuzi kuwa kilomita. Wafaransa walipoibuni mita mwishoni mwa karne ya 18, waliifanya iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Ndiyo maana mzunguko mzima wa dunia ni karibu kilomita 40,000, na ukizigawa kwa nyuzi 360 unapata kama kilomita 111 kwa kila nyuzi. Kwenda kaskazini au kusini, namba hiyo inafaa popote ulipo. 13.54 mara 111 ni kilomita 1,503.

Kwenda mashariki au magharibi kuna jambo ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukulazimika kulifikiria. Nairobi, Kampala au Mombasa, nyuzi moja ya longitudo nayo ni karibu kilomita 111 zile zile. Lakini mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha za dunia, kwa hiyo kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo inavyokaribiana. Kwenye latitudo 60, ambako ndiko iliko Oslo na karibu na Helsinki, nyuzi moja ya longitudo imebaki nusu tu, kilomita 55 hivi. Kinachokupa kiwango cha kupunguza ni kosaini ya latitudo. Hizi hapa zinatosha kwa Ulaya nzima:

Latitudo 40: 0.77
Latitudo 45: 0.71
Latitudo 50: 0.64
Latitudo 55: 0.57
Latitudo 60: 0.50

Chukua wastani wa latitudo za viwanja viwili. Wastani wa 51.48 na 37.94 ni 44.71, karibu na 45, kwa hiyo tunatumia 0.71. Halafu: 24.40 mara 111 mara 0.71 ni kilomita 1,923.

Sasa una pande mbili za pembetatu mraba: kilomita 1,503 kwenda kusini na kilomita 1,923 kwenda mashariki. Kanuni ya Pythagoras ya darasani inamaliza kazi. Kipeo cha pili cha 1,503 jumlisha na kipeo cha pili cha 1,923, kisha tafuta kipeuo chake: utapata kama kilomita 2,441. Jibu la hesabu kamili ya mviringo wa dunia ni karibu 2,430. Tumekosea kwa chini ya asilimia moja, kwa kalamu tu.

Njia hii inachukulia kipande cha dunia kana kwamba ni bapa, na safari ikiwa ndefu na ikapanda sana kaskazini kosa linakua. Lisbon hadi Helsinki, mojawapo ya safari ndefu ndani ya Umoja wa Ulaya, itakupa karibu kilomita 3,430 wakati jibu la kweli ni kama 3,365. Kwa kupanga safari si neno. Kwa kudai fidia, tumia kikokotoo cha duara kuu.

Duara kuu ndilo jina la njia fupi kabisa kati ya sehemu mbili juu ya tufe: nyoosha uzi juu ya mfano wa dunia kutoka Lisbon hadi Helsinki, uukaze, na mahali uzi unapolala ndipo duara kuu linapopita. Kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini. Wanaozitazama njia za ndege kwenye skrini ya kiti hudhani rubani anazunguka, kumbe ni ramani iliyonyooshwa.

Kuna kipimo kimoja zaidi utakutana nacho. Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, na kasi yao hupimwa kwa noti, yaani maili ya baharini moja kwa saa. Maili hii si ile ya barabara za Uingereza, ambayo ni kilomita 1.609. Ukiona umbali wa London na Athens umeandikwa 1,310 mahali pamoja na 1,510 mahali pengine, tofauti ni aina ya maili tu.

Hatua ya 3: Ongeza kidogo kwa njia halisi

Ndege huondoka kwa mwelekeo wa njia ya kurukia, na ya Heathrow inaelekea mashariki au magharibi kufuatana na upepo. Kisha hufuata njia zilizopangwa na waongoza ndege wa nchi moja baada ya nyingine, na mwishoni hupangwa foleni ya kutua. Kwa siku ya kawaida haya yote huongeza asilimia chache juu ya duara kuu.

Wakati mwingine huongeza zaidi. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu tarehe 24 Februari 2022. Safari kama Helsinki hadi Istanbul, ambayo mstari wake mfupi unapita juu ya Belarus na Ukraine, sasa inabidi izungukie magharibi, juu ya nchi kama Polandi na Romania. Umbali kwenye karatasi haujabadilika hata mita moja. Kilichobadilika ni muda. Kwa London na Athens hakuna kizuizi cha aina hiyo, maana njia inapita juu ya Ulaya ya kati na Balkani.

Hatua ya 4: Kutoka kilomita hadi saa

Ndege za familia ya Airbus A320 na Boeing 737, ambazo ndizo hubeba abiria wengi ndani ya Ulaya, zikishafika juu husafiri kwa karibu kilomita 830 kwa saa. Lakini huwezi kugawa 2,430 kwa 830 ukaridhika. Ndege hupanda polepole, hushuka polepole zaidi, hutambaa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Kanuni ninayoiamini ni hii: gawanya umbali kwa 800, kisha ongeza dakika 40. Kwa safari yetu, 2,430 kugawa kwa 800 ni saa 3 na dakika 2. Ongeza 40: saa 3 na dakika 42. Ratiba za kwenda Athens kutoka Heathrow huwa karibu kabisa na hapo. Kwa safari fupi, tuseme chini ya kilomita 500, ongeza 50 badala ya 40, kwa sababu ndege haipati nafasi ya kukaa kwenye kasi yake kamili. Kama ni ndege ya rafadha kama ATR 72, zile zinazokwenda visiwa vya Ugiriki, gawanya kwa 500.

Muda wa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Kutambaa ardhini kumo ndani yake. Amsterdam kuna njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambayo iko mbali sana na jengo la abiria. Ndege ikipangiwa huko inaweza kutembea ardhini robo saa na zaidi. Heathrow nako foleni ya kuruka wakati wa pilika huwa ndefu. Mashirika yanajua hili, na huongeza dakika kwenye ratiba ili ndege ifike kwa wakati hata kukiwa na foleni. Ndiyo maana mara nyingine unasikia rubani akisema mmefika mapema dakika ishirini na hakuna aliyekimbia.

Sasa upepo. Juu, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, Ulaya hupitiwa na mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mkali zaidi majira ya baridi. Ndege inayokwenda Athens husukumwa nao mgongoni. Inayorudi London inaukabili uso kwa uso. Tuchukue upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kwenda, kasi juu ya ardhi inakuwa 890, na kilomita 2,430 zinachukua saa 2 na dakika 44. Kurudi, kasi inashuka hadi 770, na umbali ule ule unachukua saa 3 na dakika 9. Tofauti ni dakika 25.

Fungua ratiba yoyote ya safari hizi mbili na utaikuta tofauti hiyo: kwenda ni kama saa 3 na dakika 40 hadi 50, kurudi ni saa 4 na dakika kadhaa. Kwa hiyo, safari inayokwenda mashariki acha hesabu yako ilivyo, na inayokwenda magharibi ongeza dakika 15 hadi 25. Safari za kaskazini kwenda kusini, kama Copenhagen hadi Roma, haziguswi sana.

Hatua ya 5: Soma tiketi bila kudanganyika

Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za mahali unapoondoka, na saa ya kufika kwa saa za mahali unapofika. Hili watu wanalijua, lakini wakiwa na haraka hulisahau.

Chukua mfano huu. Tiketi inasema ndege inaondoka Heathrow 12:20 na kufika Athens 18:00. Ukitoa moja kwa moja unapata saa 5 na dakika 40. Athens iko mbele ya London kwa saa 2, kwa hiyo toa 2: safari ni saa 3 na dakika 40. Kurudi, ndege inaondoka Athens 18:50 na kufika Heathrow 20:55. Kwa macho ni saa 2 na dakika 5, kana kwamba ndege imepata kasi ya ajabu. Ongeza zile saa 2 na unapata saa 4 na dakika 5. Ukienda mashariki toa, ukienda magharibi ongeza.

Ulaya imegawanyika hivi kwa saa:

Uingereza, Ireland, Ureno na visiwa vya Canary vya Hispania ziko pamoja. Aisilandi iko nao wakati wa baridi, lakini yenyewe haibadilishi saa mwaka mzima.

Hispania bara, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uswisi, Austria, Polandi, Uholanzi, Ubelgiji, Norwei, Uswidi na majirani zao wako mbele kwa saa 1.

Ugiriki, Ufini, Bulgaria, Romania, Saiprasi na nchi tatu za Baltiki ziko mbele kwa saa 2.

Karibu zote hubadilisha saa kwa pamoja, kwa dakika ile ile: Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogeza mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudisha nyuma. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya London na Athens ni saa 2 mwaka mzima na huna haja ya kuikumbuka tarehe. Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, kwa hiyo London na Istanbul ni saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Angalia hapo.

Afrika Mashariki nayo haibadilishi. Wakati wa kiangazi Athens na Dar es Salaam zina saa moja ile ile. Wakati wa baridi Dar inatangulia kwa saa 1. Ukiwa unawaahidi wazazi nyumbani kuwapigia simu utakapotua, hilo litakusaidia.

Na kwa sababu tiketi huandikwa kwa saa 24, wakati wa kuwaeleza wa nyumbani geuza kabisa. Ndege ya 06:40 inaondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Atakayekupeleka uwanjani akisikia "saa sita na dakika arobaini" atakuja mchana, na ndege itakuwa imeshatua Athens.

Hatua ya 6: Kama hakuna ndege ya moja kwa moja

Hapa umbali na muda huachana kabisa. Tuseme unapitia Munich. Heathrow hadi Munich ni kama kilomita 940, na Munich hadi Athens ni kama 1,520. Jumla 2,460, yaani kilomita 30 tu zaidi ya kwenda moja kwa moja, kwa sababu Munich iko karibu kabisa na mstari wenyewe. Madrid ni habari nyingine: 1,245 kwenda huko na 2,375 kutoka huko, jumla 3,620. Unakuwa umeongeza karibu nusu ya safari ili kurudi mashariki.

Lakini hata kupitia Munich, ambako kilomita hazijaongezeka, muda hauwi saa 3 na dakika 40 tena. Zile dakika 40 za kutambaa, kupanda na kushuka unazilipa mara mbili. Juu yake unaongeza kusubiri. Kwa hesabu ya haraka: saa 2 kwenda Munich, saa 1 na nusu hadi 2 za kusubiri, saa 2 na nusu kwenda Athens. Zimefika saa 6 hivi.

Usipunguze muda wa kusubiri chini ya dakika 90 ukitokea London, hata kama tiketi inakuruhusu. Uingereza iko nje ya Schengen, kwa hiyo ukaguzi wa pasipoti unafanyika mahali pa kwanza unapoingia Schengen, yaani Munich, si Athens. Foleni hiyo inaweza kukumaliza muda wote. Na kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza wakiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ugiriki. Unahitaji viza ya Schengen, na hili halishughulikiwi uwanjani. Unalishughulikia wiki nyingi kabla.

Hatua ya 7: Hesabu mlango hadi mlango

Hii ndiyo hesabu ninayoijali kuliko zote, kwa sababu ndiyo maisha ya msafiri. Iandike kwenye karatasi, kila kipande na dakika zake. Kwa mtu anayekaa London na kwenda katikati ya Athens na begi moja la kukaguliwa:

Nyumbani hadi Heathrow: saa 1. Treni ya Elizabeth line hutoka Paddington kwa karibu nusu saa, ile ya Piccadilly line ni ya bei nafuu ila hutumia karibu saa nzima kutoka katikati ya mji.

Kuwepo uwanjani kabla ya ndege kuondoka: saa 2 na dakika 15. Kumbuka kwamba lango hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa, mara nyingi dakika 20 kabla, na dirisha la kukabidhi begi hufungwa mapema zaidi.

Ndege: saa 3 na dakika 45.

Pasipoti na begi Athens: saa 1 na dakika 15. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya, hivyo mara ya kwanza jiwekee nafasi.

Uwanja hadi mjini: saa 1. Metro ya mstari wa 3 hufika Syntagma kwa dakika 40 hivi, lakini haiji kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ongeza ya kusubiri. Usiku wa manane hakuna metro. Basi la X95 hukimbia saa 24.

Jumla: saa 9 na dakika 15. Ndege yenyewe ni kama asilimia 40 tu ya siku yako. Ukiondoka nyumbani 09:05, utafika hotelini 18:20 kwa saa za London, ambazo ni 20:20 za Athens, yaani saa mbili na dakika ishirini usiku. Mkutano au harusi ya jioni hiyo hutaiwahi.

Ukifanya hesabu hii kwa miji ya karibu utaona jambo la maana. London na Paris zina kilomita kama 345 kwa mstari, na ndege inatumia saa 1 na robo hivi. Treni ya Eurostar inatumia saa 2 na robo na kidogo, lakini inatoka St Pancras na kufika Gare du Nord, katikati ya miji yenyewe. Kwa mlango hadi mlango, treni inashinda. Madrid na Barcelona ni hivyo hivyo, kwa treni ya mwendo kasi ya saa 2 na nusu. Mimi, chini ya kilomita 600 penye reli ya kasi, sitazami ndege.

Hatua ya 8: Umbali na fidia yako

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria fidia kwa ndege iliyofutwa ghafla au kuchelewa sana, na kiwango kinategemea umbali. Hadi kilomita 1,500 ni euro 250. Zaidi ya hapo ndani ya Umoja, au kati ya 1,500 na 3,500 kwa safari nyingine, ni euro 400. Zaidi ya 3,500 kutoka au kuingia Umoja wa Ulaya ni euro 600. Kanuni yenyewe inasema umbali upimwe kwa duara kuu. Uingereza ilibaki na sheria kama hiyo, kwa paundi 220, 350 na 520.

London hadi Athens, kilomita 2,430, inaangukia katikati: paundi 350 ukitokea London, euro 400 ukitokea Athens. Sharti ni uwe umefika umechelewa kwa saa 3 au zaidi na sababu isiwe jambo lisiloepukika kama dhoruba au anga kufungwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba saa ya kufika ni pale angalau mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa ili abiria watoke, si magurudumu yanapogusa ardhi. Dakika kumi za kutambaa zinaweza kukuvusha kutoka saa 2 na dakika 55 hadi saa 3 na dakika 5.

Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo iliamua juu ya abiria waliotoka Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels: umbali ni wa Roma hadi Hamburg kwa duara kuu, si jumla ya vipande viwili. Kwa hiyo kupitia Madrid hakukupandishi daraja; kilomita zako zinabaki 2,430.

Lakini uamuzi huo unakusaidia ukiwa unaelekea nyumbani. Ukitoka Athens kwenda Nairobi kupitia Amsterdam kwa tiketi moja, safari yako ni zaidi ya kilomita 4,500. Kipande cha kwanza kikichelewa ukakosa cha pili, na ukafika Nairobi umechelewa saa 4 au zaidi, unadai euro 600, si kiwango cha Athens na Amsterdam. Ukichelewa kati ya saa 3 na 4, shirika linaweza kuipunguza kwa nusu. Maneno "kwa tiketi moja" ndiyo yanayobeba uzito. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili uokoe pesa, kila moja inahesabiwa peke yake na ya pili haikulindi.

Mlango ukifunguliwa piga picha ya saa ya simu yako, tunza pasi ya kupandia ndege, na uwaulize wahudumu sababu ya kuchelewa kabla hujatoka kwenye uwanja. Kisha peleka dai kwa shirika lililokurusha, hata kama tiketi ulimnunulia wakala, ukiandika namba ya ndege, tarehe, viwanja viwili na umbali wa duara kuu kati yake.